Bahari Isiyokupwa

Siku mbili kabla ya kitabu chake kusomwa mbele ya watoto, Mwalimu Hasina Chirau aligundua kwamba sura ya nne, ile iliyopendwa kuliko zote, ilikuwa na kosa lisiloweza kurekebishwa kwa kubadili neno moja au mawili.

Kitabu kilihusu kuanguka kwa Tiro. Zaidi ya miaka elfu mbili na mia tatu iliyopita, Tiro ulikuwa mji juu ya kisiwa, safari fupi ya mashua kutoka pwani ya nchi ambayo leo inaitwa Lebanoni. Mfalme kijana wa Makedonia alifika na jeshi, akautaka mji, na wenyeji wakamfungia milango. Hakuwa na merikebu za kutosha. Akaamuru askari wake waubomoe mji wa kale uliokuwa bara, mkabala wa kisiwa, na mawe yake yatupwe baharini mpaka ipatikane njia ya kutembea hadi chini ya kuta. Kazi hiyo na vita vyake vilichukua miezi saba. Haya yameandikwa, na Hasina, aliyefundisha historia katika shule ya msingi ya Mkunguni, nje kidogo ya Msambweni, aliyasoma katika vitabu vitatu kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Vitabu vilisema kwamba karibu na ufuko maji yalikuwa na kina kifupi na matope chini, kisha yakazidi kina kadiri njia ilivyokikaribia kisiwa. Aliposoma maneno hayo aliuona ufuko wa Msambweni wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida: bahari imerudi nyuma mpaka mwambani, wanawake wametawanyika na vijiti vyao kutafuta pweza. Akaandika alichokiona. Katika sura ya nne askari waliteremka maji yalipokupwa, wakabeba mawe juu ya mchanga mtupu, wakifanya kazi mbio mbio huku msimamizi wao akiitazama bahari. Kisha maji yakarudi. Yalijaa kwanza kwenye mifereji, yakafika vifundoni, yakafika magotini, na waliochelewa wakayaacha mawe, halafu wakaachana wao kwa wao. Hasina alilisomea darasa la sita sura hiyo mwezi wa Septemba. Kwa wiki mbili watoto hawakucheza mchezo mwingine.

Alhamisi hiyo alitaka kuhakikisha jambo dogo tu: katika bahari ile, bamvua huwa na nguvu mwezi gani. Alifungua kitabu cha jiografia cha sekondari. Kilisema kwamba bahari ile imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na kwamba maji yake hupanda na kushuka kwa kiasi kisichofika nusu mita. Sehemu nyingi watu hawatambui kabisa.

Alisoma tena. Akainuka, akafunga dirisha kwa sababu ya mvua, akalifungua tena kwa sababu ya joto.

"Haipwi," alisema.

Mdogo wake Swabir alikuwa amejilaza kwenye mkeka sebuleni, akihamisha mshale wa redio kutoka stesheni moja kwenda nyingine bila ya kusikiliza hata moja. Alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli ya Diani mpaka fujo za mwezi wa Agosti zilipowakimbiza wageni. Hoteli ilimwambia apumzike nyumbani kwa muda. Sasa ilikuwa Novemba.

"Nini haipwi?"

"Bahari ya Tiro."

"Nani amekwambia?"

"Kitabu."

"Na nani alikwambia inakupwa?"

"Hakuna. Nilijiambia."

Swabir alizima redio. Alicheka mpaka akakaa kitako. "Dada! Umewapelekea watu bamvua wasiyoiomba!"

"Sioni la kuchekesha."

"Mimi naliona. Wajua, kule hotelini kuna kisima nyuma ya jikoni. Niliwaambia Wajerumani kilichimbwa na maharamia. Walikipiga picha mpaka tukawawekea viti."

"Kilichimbwa na nani?"

"Na Kavumbi, yule wa Kombani. Mwaka niliopata kazi." Alijifuta macho. "Walifurahi, wakaenda zao kwao. Nani aliumia? Na hao watoto wa Mkunguni wataenda lini Lebanoni kupima maji?"

"Wageni wako waliondoka," Hasina alisema. "Wanafunzi wangu wanabaki. Wakifika sekondari watasoma kitabu hiki hiki cha jiografia."

"Basi wakifika sekondari watakucheka. Ni zaidi ya miaka miwili hiyo. Kitabu kitakuwa kimeshachapwa." Akaiwasha redio. "Na ukiiondoa hiyo sura, kitachapwa?"

Hilo ndilo lililokuwa swali.

Shirika lililotaka kuchapa kitabu lilikuwa dogo, na ofisi yake ilikuwa Ukunda, chumba kimoja juu ya duka la vyombo. Lilikuwa likitoa vitabu sita vya historia ya kale kwa watoto, kwa Kiswahili. Vitano vilikuwa tayari. Nafasi ya sita ingekuwa ya Hasina kama kitabu chake kingepita Jumamosi. Kisipopita, ingekwenda kwa mwandishi wa Nairobi aitwaye Seth, ambaye hadithi yake ya wajenzi wa piramidi ilikuwa imeshapita na ilikuwa ikingojea kwenye kabati. Jumatatu asubuhi mhariri angevipeleka vyote sita kwa mpiga chapa, Mombasa. Hapakuwa na mpango wa kitabu cha saba.

Mhariri huyo alikuwa Bi Concepta, mwanamke wa Homa Bay aliyeishi pwani miaka minane. Alikuwa na njia yake ya kupima vitabu, na hakuibadilisha kwa ajili ya mtu. Kila kitabu kilisomwa kwa sauti mbele ya watoto, mwandishi mwenyewe akisoma. Watoto walivua viatu na kukaa kwenye mikeka. Bi Concepta alikaa chini pembeni, nakala yake mapajani na kalamu mkononi, akitazama miguu. Miguu ilipotulia hakuandika kitu. Vidole vilipoanza kuchezacheza, visigino vilipoanza kusuguana, alitia alama pambizoni. Sura yenye alama nyingi ilirudishwa.

Alifikia njia hiyo baada ya mwaka mmoja wa kudanganywa kwa heshima. Watoto wa pwani aliowauliza kama hadithi ilikuwa nzuri walimjibu wote, kila mara, "Nzuri sana, ahsante, Mungu akubariki," hata alipowasomea kwa makusudi kanuni za matumizi ya maktaba. Mdomo umefundishwa adabu, alikuwa akisema. Miguu hakuna aliyeifundisha.

Mwezi wa Oktoba aliisoma nakala ya Hasina peke yake ofisini, akamwambia waziwazi: "Sura tatu za kwanza ni darasa, Mwalimu. Ya nne ndiyo kitabu."

Ijumaa, baada ya masomo, Hasina alibaki shuleni. Alikaa, akasimama, akabadilisha dawati. Nje, mvua za mwaka huo, ambazo watu wazima walisema hawajaona mfano wake, zilikuwa zimegeuza nusu ya uwanja kuwa dimbwi. Ukuta mmoja wa darasa la zamani ulikuwa umeporomoka, na matofali yaliyosalia mazima yalipangwa kando ya dimbwi kungoja fundi. Alizifuta kurasa zote za maji kupwa na maji kujaa. Mahali pake aliandika mistari tisa. Alisema kwamba askari walitupa mawe ndani ya maji, kwamba kazi ilikuwa ngumu, kwamba iliendelea. Kila neno lilikuwa kweli. Alipoisoma kwa sauti, yeye mwenyewe alijikuta akitazama nje kabla ya mstari wa tano.

Alifikiria kuziacha kurasa za zamani na kutia maelezo madogo mwishoni mwa kitabu. Halafu akafikiria ni mtoto gani asomaye maelezo ya mwisho wa kitabu, akaachana nalo.

Jumamosi Bi Concepta alichelewa. Maji yalipita juu ya barabara karibu na Gazi, na gari lililomleta lilingoja mpaka mengine yajaribu kwanza. Aliingia darasani viatu mkononi na gauni limelowa mpaka magotini.

"Shikamoo Bi Concepta," watoto waliimba.

"Marahaba, wanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo!"

Walikuwa wamekwisha toka madrasa na kula, na mvua ilikuwa imewafungia ndani tangu hapo. Hawakuwa katika hali ya kukaa. Darasa lenyewe lilikuwa na mapengo, kwa kuwa familia kadhaa za wafanyakazi wa hoteli kutoka bara zilikuwa zimerudi kwao baada ya fujo za Agosti, zilizowalenga watu wa bara. Katika watoto wao alibaki Quincy, ambaye baba yake alikuwa mpishi na alikataa kuondoka. Kando yake alikaa Dama, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye hakuwahi kupokea jibu lolote bila ya kuligeuza upande wa pili.

Hasina alisoma. Sura ya kwanza ilikwenda. Katika ya pili vidole vilianza. Katika ya tatu, pale aliposimulia biashara ya Tiro na rangi yake ya zambarau iliyokamuliwa kutoka kwa konokono wa baharini, miguu ilitulia kidogo, kisha mvua ikaongezeka juu ya mabati na ikabidi apaze sauti. Hakumtazama Bi Concepta, lakini alisikia kalamu.

Alipotamka "Sura ya nne," darasa zima lilijisogeza mbele. Waliingojea. Mvulana mmoja nyuma alimpiga mwenzake kwa kiwiko, akamnong'oneza, "Sasa maji."

Alisoma mistari yake tisa. Mstari wa nne, visigino. Mstari wa sita, mtu alijikuna goti. Mstari wa tisa ulipokwisha, mkono wa Dama ulikuwa juu.

Wakati wa kusoma haikuruhusiwa kuuliza. Hasina alimtazama Bi Concepta, na Bi Concepta alikuwa amekunja uso akipekua nakala yake, ile ya zamani, akitafuta alipopotea.

"Sema, Dama."

"Mwalimu, ile ya maji kupwa iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Kwa nini, Mwalimu? Ndiyo nzuri."

"Kwa sababu haikuwa kweli. Niliibuni mimi, na nilikosea. Bahari ile haipwi."

Wote wakasema pamoja.

"Samahani, Mwalimu," Dama alisema, akiwa amekwisha simama, "lakini hiyo basi si bahari. Hicho ni kisima."

"Ni bwawa la hoteli!" Quincy alidakia. "Wanatia dawa kila asubuhi!"

"Kwani mwezi wao umekufa?" Dama aliuliza.

"Mwezi ni huu huu," Hasina alisema. "Keti. Bahari ile imezungukwa na nchi. Mlango wake wa kutokea ni mwembamba, uko mbali sana upande wa magharibi. Maji hayana pa kwenda. Yanapanda kidogo na kushuka kidogo, kama hivi." Alionyesha kwa mkono, kutoka kifundoni mpaka chini ya goti.

"Na pweza wanawapataje?"

"Kwa kuzamia. Kwa mashua."

"Maskini," alisema mtu, kwa huruma ya kweli, na darasa likaangua kicheko.

Bi Concepta alikuwa ameweka kalamu chini. "Mnacheka nini?" alisema. "Maji ya kwetu hayapwi."

Wakageuka wote kumtazama.

"Nimezaliwa kando ya ziwa. Ukiacha mtumbwi jioni, asubuhi maji yako pale pale ulipoyaacha. Siku ya kwanza nilipofika Diani niliviacha viatu vyangu mchangani, vipya, nikatembea. Niliporudi havipo, na bahari iko pale nilipokuwa nimekaa. Nilimshika askari wa hoteli shati. Nikamwambia, mmeniibia."

Quincy aligaragara kwenye mkeka. Dama alitabasamu kwa adabu, akangoja kicheko kipite, kwa sababu bado alikuwa na jambo.

"Bi Concepta, huko kwenu kukiwa na kisiwa, mtu hawezi kukiendea kwa miguu?"

"Kamwe. Labda maji yakauke dunia nzima."

Dama alimgeukia mwalimu wake. Alizungumza polepole. "Basi wale wa Tiro hawakuwahi kuiona chini ya bahari yao. Hata siku moja. Sisi twaiona kila siku. Twajua kuna mchanga, kuna mawe, twajua mtu anaweza kupita. Wao walidhani maji ni maji tu, hayaondoki."

"Ndiyo," Hasina alisema. Aliweka karatasi mezani. Katika kitabu chake cha pili kati ya vile vitatu palikuwa na jambo alilolisoma na kuliacha kwa sababu hakulielewa vizuri. "Imeandikwa kwamba mwanzoni watu wa Tiro walikuja na mashua kuwatazama askari. Waliwacheka. Jeshi maarufu kama lile, limebeba mawe mgongoni kama punda. Sikujua kwa nini walicheka. Mimi nisingecheka. Ningekuwa nimekwisha ogopa."

"Kwa sababu umezaliwa hapa," alisema Dama.

"Kwa sababu nimezaliwa hapa. Tazameni nje." Alifungua dirisha, na mvua ikaingia. "Lile dimbwi halipwi. Ukitaka kuvuka kwa miguu, huna saa ya kungojea. Huna bamvua. Utafanya nini?"

"Nitatia kitu ndani," Quincy alisema.

"Nini?"

"Chochote kilicho karibu."

"Na kilichokuwa karibu nao kilikuwa nini?"

Dama ndiye aliyesema, na safari hii bila ya kuinua mkono. "Nyumba za watu."

Hasina aliwasimulia bila ya karatasi. Aliwaambia juu ya mji wa kale uliobomolewa, jiwe baada ya jiwe, na magogo yaliyokatwa milimani. Aliwaambia jinsi kicheko kilivyokwisha njia ilipofika maji ya kina, na jinsi watu wa Tiro walivyojaza merikebu moja kuni na lami, wakaiwasha na kuipeleka juu ya njia, minara ya mbao ya jeshi iliyosimama hapo ikaungua. Mfalme akaamuru njia ijengwe upya, pana zaidi. Aliwaambia mji ulivyoanguka, na kwamba maelfu ya watu waliuzwa utumwani. Alimaliza na jambo ambalo lilikuwa limempendeza tangu mwanzo, ingawa hakupata mahali pa kuliweka: kwamba ile njia haikuondolewa, mchanga ukajikusanya pande zake mbili karne baada ya karne, na leo Tiro si kisiwa.

Mvua ilikuwa imepungua. Watoto waliachiliwa. Bi Concepta alijinyoosha mgongo, akachukua nakala yake.

"Hiyo ndiyo sura ya nne," alisema.

"Uliitazama miguu?"

Bi Concepta alifikiri. "Nilikuwa nimegeuka kukusikiliza wewe."

"Basi haijapimwa. Na haijaandikwa."

"Mwalimu, mimi ndiye nimeweka hiyo sheria."

"Ndiyo maana naikumbusha."

Bi Concepta alimtazama kama mtu anayejiuliza amekasirishwa au la. "Usiku huu nitalala kwa rafiki yangu hapa Msambweni," alisema. "Hata hivyo siamini gari litapita leo. Kesho alasiri, watoto hao hao. Nikitia alama tatu, Jumatatu nachukua piramidi."

"Sawa."

Hasina aliandika Jumapili kuanzia baada ya sala ya alfajiri. Aliifuta sentensi ya kwanza mara nyingi kuliko alivyozoea. Swabir alimletea chai, akaisahau mezani, akarudi kuichukua imepoa, akainywa yeye. Hatimaye alisimama nyuma yake na kusoma.

"'Bahari ya Tiro haipwi,'" alisoma. "Unaanzia hapo? Hiyo ndiyo aibu yako."

"Ndiyo taarifa wanayoihitaji kwanza."

"Kule hotelini usingedumu wiki."

"Wala hoteli haikudumu," alisema Hasina, na Swabir akaondoka akicheka kuliko alivyocheka kwa siku nyingi.

Alasiri watoto walikaa mahali pale pale, kwa sababu Hasina aliwapanga. Quincy alikuja na nguo za kanisani. Bi Concepta alikaa chini pembeni, na safari hii hakuinua macho kutoka mikekani. Hasina alisoma bila ya kupamba sauti. Askari walipobeba mawe, miguu ilikuwa imetulia. Merikebu ya moto ilipofika, mtoto mmoja alikuwa amekunja vidole vyake vyote kumi. Alisikia kalamu mara moja, karibu na mwanzo.

Ilipokwisha, Bi Concepta alimwonyesha. Alama ilikuwa kando ya sentensi inayoeleza kwa nini bahari ile haipwi.

"Miguu ya nani?"

"Ya Dama. Ni ndefu mno, Mwalimu. Iondoe."

"Hiyo siwezi kuiondoa. Bila yake wataamini kwa kuwa nimesema mimi."

"Alama ni alama."

Hasina alichukua kalamu. Alifuta nchi zote alizozitaja, akafuta upande wa magharibi, akafuta neno "takriban" na neno "kijiografia." Sentensi iliyobaki ilisema kwamba bahari ile ina mlango mmoja mwembamba, na maji hayana pa kwenda. Bi Concepta aliisoma, akamwita Dama, akamsomea huku akiangalia chini. Kisha alikunja karatasi, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya mkoba.

"Seth ataniuliza," alisema.

"Utamwambia nini?"

"Kwamba piramidi hazikimbii." Alitazama saa. "Nina gari la kutafuta."

Alipokwisha kwenda, Hasina alibaki darasani akikunja mikeka. Kelele za watoto zilimfikia kutoka uwanjani, na baada ya muda alizisikiliza vizuri. Palikuwa na amri, na palikuwa na kicheko cha dharau kutoka upande mwingine. Alitoka mlangoni.

Walikuwa wamegawanyika pande mbili za dimbwi. Ng'ambo, juu ya kifusi kilichozungukwa na maji, Quincy na wenziwe watatu walikuwa wakiwazomea wa upande huu, waliokuwa wamepanga mstari na kupokezana matofali. Dama alisimama kwenye maji mpaka magotini, akiamuru. Njia yao ilikuwa imefika zaidi ya nusu, na upande mmoja wake matope yalikuwa yameanza kujikusanya.

Hasina aliyatazama hayo matope kwa makini. Kisha aliteremka kwenda kuwazuia, kwa sababu matofali yalikuwa ya shule, na fundi alikuwa anakuja Jumatatu.